Hukuniuliza Kuhusu Kanga



Nimeombwa nizungumze, hapa Kamuli, jinsi mwanafunzi wa uzamili katika sayansi za afya anavyojifunza utafiti wa jamii. Kichwa kirefu kama barua ya serikali, lakini habari yenyewe ni ya kwetu kabisa. Nitaanza na mgeni aliyekuja Karagwe na utepe.

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa Bweranyange, kwa Omukama Rumanyika. Alikuwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 anasimulia jinsi alivyomtembelea shemeji mmoja wa mfalme, mwanamke mnene asiyeweza kusimama kwa miguu miwili, akataka kumpima. Akampima mkono, kifua, paja, shavu la mguu na kimo, akaandika futi na inchi. Malipo ya yule mama yalikuwa kuonyeshwa kidogo miguu na mikono ya Mzungu. Kando yao alikaa binti wa miaka 16 akinywa maziwa, na baba yake kashika fimbo asije akapumzika. Yote hayo yamo kitabuni. Jina la mama halimo.

Siwasimulii haya tumcheke Speke. Inawezekana vipimo vyake vilikuwa sahihi mpaka inchi ya mwisho. Ila maziwa yalikuwa mbele ya macho yake, na fimbo pia. Maziwa yalisema nini juu ya mume katika nchi ya wafugaji? Nani aliamua msichana anenepe, na nani angeaibika asiponenepa? Hapo ndipo palikuwa na utafiti, naye akapapita kwa utani. Aliondoka na inchi zake.

Nami niliondoka na inchi zangu, tena katika wilaya hii hii, nikiwa mtoto wa hapa.

Mwaka 1998 nilikuwa tabibu niliyerudi darasani. Swali langu lilikuwa la kawaida: kwa nini akina mama wanajifungulia nyumbani na zahanati ipo karibu? Nilikuwa na dodoso la maswali 62, nililolitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza kwa usiku mmoja, bwenini, kamusi pajani. Barua ya chuo ilikuwapo, ya mkoa ilikuwapo, ya wilaya na ya kata, mhuri juu ya mhuri. Nikaingia katika nyumba moja ya kitongoji kisicho mbali na hapa. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyezaa watoto saba, wawili wa mwisho wakizaliwa nyumbani, alinipa kiti pekee kilichokuwapo, yeye akaketi mkekani. Mtendaji wa kijiji aliyenileta akasimama mlangoni, kwa heshima, akisikiliza.

Nikaanza. Kwa Kiswahili, maana dodoso lilikuwa la Kiswahili, ingawa mimi na yeye wote tulinyonya Runyambo. Yeye akaniita daktari. Swali la 17 lilikuwa hivi: "Ni vikwazo gani vinavyokuzuia kuzifikia huduma za afya?"

Akanitazama kwa huruma. "Vikwazo, daktari? Vile vya Burundi?"

Wakumbukao miaka hiyo wanajua alichokisikia. Tangu Julai 1996 nchi za jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo, na redio ilikuwa ikilitaja neno hilo kutwa mara tatu. Mama alikuwa msikilizaji mzuri kuliko mimi mtafsiri. Nikamweleza kwamba namaanisha matatizo. Akasema hakuna. Umbali? Si mbali. Nauli? Anatembea. Mume anakukataza? Hapana. Wahudumu wana lugha nzuri? Nzuri sana. Nikaweka vyema vyangu kwenye visanduku, vyote 62, nikafurahi kwamba dodoso limejaa.

Akaniletea kahawa ya kutafuna. Nikatafuna, nikaaga, akasema ngoja nikusindikize. Mtendaji alikuwa ametangulia kwenda kubisha hodi nyumba ya pili. Tulipofika mwisho wa kibanja, pale migomba inapokwisha na njia ya ng'ombe inaanza, akasimama. Akaacha Kiswahili, akaacha na udaktari.

"Mwanangu," akaniambia kwa Runyambo, "hukuniuliza kuhusu kanga."

Nikauliza kanga gani. Akanieleza. Kule zahanati mjamzito huenda na kanga zake, mpya, na beseni. Yeye kwa uzazi ule wa sita kanga aliyokuwa nayo ilikuwa moja, imechanika upindo. Mwaka huo kahawa yao ilikuwa imekwisha kuuzwa ikiwa changa mtini, kwa butura. "Wale mabinti wanakukagua nguo kabla hawajakukagua tumbo," akasema. "Uchungu naujua. Ile haya siiwezi." Kisha akageuka akarudi kwake, nami nikabaki na karatasi zangu.

Sasa nieleze kilichotokea pale, kwa sababu ndicho nilichotumwa kuja kukifundisha.

Sisi wa afya tunafundishwa kuuliza tangu mwaka wa kwanza. Kikohozi kina siku ngapi? Homa inakuja jioni? Hayo ni maswali ya mtu mwenye kalamu tayari juu ya karatasi ya dawa. Mgonjwa kaja kwako, kiti ni chako, saa ni yako, na majibu yote unayoyatarajia unayo kichwani. Unachoomba ni achague. Ukiingia nyumbani kwa mtu na tabia hiyo, utajibiwa kama unavyojibiwa zahanati, yaani upesi, kwa adabu, na kwa namna ya kukufanya uondoke. Yule mama hakunidanganya hata mara moja. Alijibu kila swali nililouliza. Umbali haukuwa tatizo, na mume hakumkataza. Aibu ya kanga haikuwa na kisanduku.

Tena angalieni mambo mengine matano niliyoyaharibu kwa saa moja: kiti, mtendaji mlangoni, lugha, koti jeupe lililokuwa begani ingawa sikulivaa, na mimi mwenyewe, kijana wa kiume ninayemuuliza mama wa watu juu ya uzazi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye sura ya mbinu ya tasnifu yangu. Niliandika "wahojiwa waliteuliwa kwa nasibu."

Kagera hii ililipia ada ya somo hili kwa gharama ambayo sipendi kuirefusha mbele ya watu waliozika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983. Mwaka 1987 mradi wa utafiti ulioendeshwa na Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden ulipima damu za watu wazima katika jamii, si za wagonjwa hospitalini tu. Bukoba mjini walikuta maambukizi ya asilimia 24.2. Muleba na Bukoba vijijini, 10.0. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa na Kamuli tumboni maana wilaya yetu ya Kyerwa haikukatwa hadi 2012, asilimia 4.5.

Hiyo ni kazi ya heshima, na watu kama Japhet Killewo na Gideon Kwesigabo waliifuatilia kwa miaka. Wakarudi kupima. Bukoba mjini mwaka 1996 ikawa 13.3. Karagwe mwaka 1999 ikawa 2.6. Mstari wa chati unashuka, kila mtu anapumua.

Haya mwanafunzi, eleza umeshuka kwa nini.

Hapo maabara hunyamaza. Kwanza kuna jibu baya ambalo lazima ulikabili: aliyekufa hapimwi tena. Asilimia inaweza kushuka kwa sababu makaburi yamejaa. Wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana walipima na maambukizi mapya, na Bukoba mjini nayo yakaonekana kupungua. Basi kuna kitu watu walikibadilisha. Nini? Damu haisemi. Ikabidi mradi ule ule wa damu ulete watu wa kukaa na kusikiliza: Joe Lugalla, mwanaanthropolojia, Maria Emmelin kutoka Umeå, na Aldin Mutembei, ambaye kazi yake ni Kiswahili na fasihi. Makala yao ya mwaka 2004 inataja mambo ambayo msingeyapata kwenye chupa ya damu: watu walianza kuzungumza wazi juu ya unyumba, walianza kupima, walianza kutumia kondomu, na mila kama kurithi wajane zikaanza kuachwa, pamoja na ulevi wa kupindukia.

Nisimame kidogo kwa Mutembei, maana wanafunzi wa afya huwa wananiuliza mtu wa mashairi alifuata nini kwenye mradi wa virusi. Yeye alichukua nyimbo na mashairi ya Kihaya akafuatilia jinsi ugonjwa ulivyoitwa mwaka hadi mwaka, na utafiti huo ukampa shahada ya uzamivu Leiden mwaka 2001. Mwanzoni watu wa huku waliuita Juliana. Ilikuwa nguo, mashati yaliyoingia na biashara ya magendo kutoka Uganda baada ya vita ya 1978 na 1979, na waliokonda mapema walikuwa wale waliokuwa na pesa za kuyavaa. Jina lenyewe lilikuwa na nadharia ndani yake: ugonjwa umekuja na nani, unampata nani, na kwa nini. Baadaye likaja UKIMWI, neno la redio na mabango. Vijana wa mjini nao wakalichukua lile la Kiingereza, AIDS, wakalifumua: Acha Iniue Dogedoge Siachi.

Jaribu sasa kufikiria mtafiti wa miaka ile anayeingia nyumba iliyozika wawili kwa Juliana, anauliza, "Umewahi kusikia UKIMWI?" Jibu: hapana. Anaweka vyema. Ripoti inasema uelewa ni mdogo. Kumbe aliyekuwa na uelewa mdogo ni dodoso.

Ndiyo maana wanafunzi wangu siwaruhusu kutafsiri dodoso peke yao usiku. Mmoja atalipeleka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwingine, ambaye hakuliona lile la kwanza, atalirudisha kwenye Kiingereza. Kisha tutakaa na akina mama watatu wa hapa wasio na cheo chochote tuwaulize, swali hili umelisikiaje? Nusu ya maswali hufa siku hiyo. Yakifa sisikitiki.

Nawakataza pia kuja na mtendaji mpaka ndani. Barua za kibali ni lazima, kuanzia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, na atakayeruka hatua atarudishwa wilayani, Kayanga au Rubwera, akiwa na njaa. Lakini barua ikishasomwa, mwenye barua ashukuriwe, aende zake.

Ridhaa ndiyo inayotutesa zaidi. Vyuo vinataka sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Mwenzangu, mtu aliyewahi kuuza kahawa mtini kwa butura anajua fika dole gumba kwenye karatasi ya mgeni humgharimu nini. Ukimtolea wino kabla hamjazungumza, umekwisha kumwambia wewe ni wa kundi gani. Mimi huanza kwa kusema kwa mdomo, kwa lugha yake, na kumwachia karatasi alale nayo, awaonyeshe wanawe wanaosoma. Kesho narudi. Wapo wanaokataa kesho yake, na hao ndio wanaonithibitishia kwamba waliokubali wamekubali kweli.

Majadiliano ya vikundi nayo yana ukorofi wake. Ukiwaweka akina mama wanane kwenye duara la viti shuleni, atasema mke wa mwenyekiti na saba wataitika eeh. Ukimweka mkamwana na mama mkwe wake pamoja, umepoteza mchana. Nilichojifunza, tena kwa bahati, ni kuomba kazi. Siku moja mvua ilinikuta jikoni kwa watu wanamenya ndizi, nikapewa kisu nami nikamenya, vibaya, wakanicheka. Mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwenye ndizi, maneno hutoka bila kuitwa. Sikuuliza swali hata moja kwa karibu saa nzima, na ndiyo siku niliyoandika kurasa nyingi kuliko zote. Utomvu ulikaa vidoleni wiki.

Halafu kuna kunakili. Enzi zangu zilikuwa kanda za kaseti. Leo simu inatosha. Lakini saa moja ya mazungumzo bado inamla mtu siku nzima kuiandika neno kwa neno, pamoja na kucheka, pamoja na kunyamaza. Kunyamaza huandikwa. Wanafunzi hutaka kukuruka.

Wajumbe wa jopo la utetezi wa tasnifu, sitasema la wapi, waliponiona nina, mbali na dodoso, mahojiano ya kina 24, mmoja aliuliza kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni: "Ishirini na wanne tu?" Kwa miaka nilidhani jibu ni kuwatetea hao ishirini na wanne. Siku hizi anayeuliza hivyo namjibu kwa kumrudisha kwenye swali. Ukitaka kujua wangapi, hesabu wengi, na uwachague vizuri. Ukitaka kujua kwa nini, kaa mpaka uanze kusikia mambo yale yale yakijirudia, kisha kaa kidogo zaidi. Waliopima asilimia 4.5 na waliosikiliza habari za wajane hawakuwa wapinzani. Walikuwa mradi mmoja, na kila upande ungekuwa nusu kiziwi bila mwenzake.

Hata wanaohesabu, wakihesabu vizuri, inabidi wawajue watu. Kagera ina mfano unaosomwa dunia nzima. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili walihoji zaidi ya kaya 900 za mkoa huu, wakizichagua kwa makusudi ili nyumba zenye uwezekano mkubwa wa kufiwa ziwemo za kutosha. Mwaka 2004 na tena 2010 watafiti walirudi. Wangeweza kuhoji waliobaki nyumbani, wakaandika waliohama kuwa "hawakupatikana." Hawakufanya hivyo. Waliuliza majirani, shangazi, wenye maduka, wakawafuata Mwanza, Dar es Salaam, Uganda. Kufikia 2010 zile kaya 900 zilikuwa zimekuwa zaidi ya 3,300. Na hesabu za hadi 2004 zilionyesha kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi za asilimia 36 zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Kama wangehoji waliokuwa nyumbani tu, mkoa ungeonekana karibu umesimama pale pale, kumbe umeondoka na basi.

Kuna mfano wa zamani zaidi, wa Kashasha, Muleba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule walianza kucheka. Kabla shule haijafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu, wakachunguza na maji ya uti wa mgongo, hawakukuta mdudu. Walimu hawakupatwa. Taarifa yao ya 1963 ni nzuri, ya watu waangalifu, na kila ninapoisoma hutamani kungekuwa na mtu aliyeketi bwenini na wale mabinti usiku, katika nchi iliyopata uhuru wiki chache tu nyuma, akawauliza wanaogopa nini.

Na wa karibuni: Marburg, Bukoba vijijini, Machi 2023, wagonjwa tisa, waliofariki sita. Jambo la kwanza lililotakiwa kujulikana lilikuwa nani alimuuguza marehemu, nani alimuosha, nani alikaa matangani. Mnaona wenyewe ni somo gani hilo. Anayelijibu bila kuelezwa ukweli na familia anafukuza kirusi gizani.

Nimalizie deni. Tasnifu yangu ilipita. Kanga zimo, msidhani niliziacha: ukurasa wa jedwali la saba, safu ya mwisho, "mengineyo." Wakati wa kuingiza data kompyuta ilitaka namba, nikaipa kanga 99.

Miaka michache baadaye nilirudi kitongoji kile kwa shughuli ya msiba, nikapita kwa yule mama. Alinikumbuka kwa jina la baba yangu. Akatoa kiti, nikakataa, tukakaa mkekani wote, na kabla kahawa haijafika akauliza: "Yale ya kanga uliyafikisha kwa wakubwa?"

Nikamwambia niliyafikisha. Akauliza walisemaje. Nikaona nisimdanganye: waliuliza ni wanawake wangapi wenye tatizo hilo, nami sikuwa na hesabu.

Akafikiri kidogo, akitazama nje. Uani kwa jirani kulikuwa na ua wa michongoma, na juu yake nguo zimetandazwa juani.

"Hilo nalo la kuuliza watu?" akasema. "Pita siku ya kufua, nyumba hadi nyumba, uhesabu kanga zilizoanikwa. Utajua nani atakwenda zahanati na nani atabaki kwake. Mimi nawajua wote wa mstari huu."

Nikatoa daftari, nikamwomba anitajie ni siku gani wanafua.